Dirisha na Baridi ya Gusii

Usiku wa kwanza nilioshika zamu peke yangu, mwaka 1985, mzee mmoja aliamka mara tatu kwenda kufunga dirisha, na mara tatu nikaenda kulifungua. Mara ya nne aliniambia kwa upole, "Sista, mwanangu, ugonjwa wangu naujua. Huu upepo wa mlima wa Manga ndio utakaoniua." Nikaliacha limefungwa. Nilikuwa na miaka 22, nimetoka chuoni juzi tu, naye alikuwa rika la babu yangu. Huku kwetu mzee hapingwi mara nne.

Asiyewahi kulala Gusii hawezi kumlaumu mzee yule. Mji wa Kisii uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Nyamira na mashamba ya chai ya Borabu unazidi kupanda. Mvua haituachi muda mrefu. Nyumba za mababu zetu zilijengwa kuhifadhi joto: ukuta mzito wa udongo, paa la nyasi, mlango mmoja na moto katikati. Mtu aliyezaliwa ndani ya nyumba ya namna hiyo akilazwa chini ya dirisha kubwa lililo wazi, huona kwamba ametupwa nje.

Hospitali niliyopangiwa sitaitaja, kwa kuwa niliyoyaona pale niliyaona baadaye na kwingine, katika pande zote mbili za iliyokuwa wilaya moja ya Kisii, kabla Nyamira haijajitenga. Wodi yetu ya wanaume ilikuwa ya enzi ya mkoloni. Dari lilikuwa juu sana, madirisha yalikabiliana pande zote mbili, na nje kulikuwa na baraza pana lenye nguzo. Sisi vijana tulilidharau jengo lile. Hatukujua kwamba limejengwa kwa fikra maalumu. Hospitali kubwa ya mjini Kisii, ambayo leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa, ilianza mwaka 1916 kwa kutibu majeruhi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na Waingereza wa zama zile walikuwa bado wanajenga kwa kumsikiliza Florence Nightingale. Muuguzi huyo, baada ya kuona askari wengi wakifa hospitalini kuliko vitani, aliandika kitabu kizima mwaka 1859 kuhusu jinsi ya kupanga hospitali, na jambo aliloling'ang'ania ni hewa: dirisha huku, dirisha kule, mgonjwa katikati. Vijidudu vya kifua kikuu vilikuwa bado havijagunduliwa.

Mwaka 1992 wodi yetu iliongezewa chumba. Fedha zilipatikana kwa harambee, na kila mtu alitoa alichokuwa nacho, mama zetu wakaleta hata ndizi na kuku wapigwe mnada. Dari lilishushwa ili mbao zisiwe nyingi. Madirisha yakawa madogo, ya upande mmoja tu. Baraza la wodi ya zamani likazibwa kwa matofali likawa ofisi mbili. Tulifurahi kwa dhati. Chumba kile kilikuwa na joto, wagonjwa waliking'ang'ania, nasi kwa huruma tuliwapeleka humo waliokohoa sana, tukawafungia madirisha, tukawafunika.

Ilikuwa miaka ambayo ukimwi ulikuwa umezijaza wodi, na kifua kikuu kikiandamana nao. Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa mwezi Novemba 1999. Kufikia hapo sisi tulikuwa tumeshafunika nyuso nyingi kwa shuka. Kikohozi changu kilianza mwaka 1996. Kwanza nilisema ni baridi ya Julai. Agosti ikaja nalowa jasho usiku na sketi haikai kiunoni. Nilipoona makohozi yangu yana damu sikuhitaji kusomewa majibu. Nilimeza dawa miezi minane. Mama yangu, aliyeishi karibu na Kebirigo, alinipikia chinsaga kila jioni kama mzazi aliyetoka kujifungua, kwa kuwa mboga hiyo ndiyo aliyoijua ya kurudisha damu. Wenzangu wawili waliofanya kazi katika chumba kilekile waliugua pia.

Kilichoniumiza kuliko ugonjwa wenyewe ni swali nililoulizwa: ulizembea wapi? Nami nilijiuliza swali hilohilo kwa miaka. Nilidhani niliinama karibu mno na wagonjwa, nikasahau kunawa, nikacheka nao kupita kiasi. Haikunijia hata siku moja kuinua macho nikatazama dari.

Mwaka uliofuata mwenzangu alichomwa sindano. Kisanduku cha kutupia sindano kilikuwa juu ya meza mwisho wa korido, na kutoka kitanda cha mwisho hadi mezani nilihesabu baadaye hatua 31. Kila sindano ilisafiri hatua hizo 31 mkononi mwa muuguzi, katikati ya watu waliokuja kuona ndugu zao. Mtoto akapita mbio na ndoo, wakagongana. Dawa za kujikinga na ukimwi ambazo leo mhudumu huzianza ndani ya saa 72, kwetu hazikuwapo. Alingoja miezi mitatu apimwe tena. Katika miezi hiyo alihamia chumba cha wageni nyumbani kwake, na hakumweleza mumewe kwa nini. Alipona hofu ile, ashukuriwe Mungu, lakini kitabuni liliandikwa neno moja: uzembe.

Miaka kadhaa baadaye visanduku vilifungwa kwenye troli zenyewe, vikatembea pamoja nasi kitanda kwa kitanda, na ajali za namna ile zikapungua mbele ya macho yetu. Hakuna muuguzi aliyekuwa mwangalifu kuliko jana yake. Kisanduku ndicho kilichosogea. Nadhani hapo ndipo mawazo yangu yalipoanza kugeuka, ingawa sikuwa na maneno ya kuyasemea.

Malaria ya mwaka 2002 ilinifundisha jingine. Watu wa nyanda za juu hatukuzoea malaria, kinga hatuna, na inapopanda mlimani huua kwa kasi. Kuanzia Mei hadi Agosti ilizikumba Kisii na Gucha, na Kericho na Nandi vilevile. Watoto walilala watatu kitanda kimoja, huyu ana dripu, yule anatapika, yule anahitaji damu. Mama zao walilala chini ya vitanda. Katika usiku kama huo unapomtafuta mtoto wa dawa ya saa nane, unaupapasa mkono ukisoma jina kwenye plasta kwa mwanga wa balbu moja iliyo mita nne juu yako, na chupa mbili za dawa mbili tofauti zinafanana kama mapacha. Nilishika chupa isiyo yake mara moja. Nilitoka nayo hadi dirishani penye taa ya nje, nikaisoma, nikarudi nikaibadilisha, nikaketi sakafuni mpaka miguu ilipoacha kutetemeka.

Tulitamani baraza letu. Lingeweza kubeba magodoro 20 na watoto wakapumua. Lakini lilikuwa ofisi, na ndani ya ofisi kulikuwa na faili.

Kisha fedha za maendeleo ya maeneobunge zikaja mwaka 2003, na milima yetu ikaota zahanati. Sizibezi. Mama wa Ekerenyo au wa Nyansiongo aliyekuwa akibebwa mgongoni hadi barabara ya lami alipata mahali pa kwenda. Ila nyingi zilijengwa na mafundi waliotoka kujenga madarasa, nao wakajenga wanachokijua: vyumba vimefuatana kwa mstari, mlango mmoja kila chumba, ubao ndio pekee uliokosekana. Anayekohoa aliketi benchi moja na mjamzito. Mtoto wa chanjo alipita mlango uleule aliopitia mwenye kidonda kinachonuka. Nakumbuka moja ambayo tangi la maji liliwekwa upande wa bondeni kwa sababu ndipo lori lilipoweza kufika, na zahanati iko juu. Maji hayapandi mlima. Sinki ya chumba cha kujifungulia, mpya kabisa, nyeupe, ilikuwa kavu tangu ilipofungwa, na muuguzi aliweka humo kadi za kliniki. Nilimuuliza ananawia wapi. Akanionyesha jagi na beseni, na uchovu uliokuwa usoni mwake ulinizuia kuendelea kuuliza.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliandika kwa shida. Ardhi yetu ni ya miinuko na viwanja ni vidogo, hivyo hospitali zetu hukua kwa kupachika jengo popote palipobaki nafasi. Katika hospitali niliyokuwa mwaka 2008, leba ilikuwa bondeni na thieta ilikuwa juu, na kati yake kulikuwa na uwanja wa udongo mwekundu usio na paa. Usiku mmoja wa mvua tulimpandisha mama aliyekuwa akivuja damu. Magurudumu ya troli yalizama. Tukambeba kwa shuka, watu wanne, mmoja akateleza, tukaanguka naye. Tulifika. Mama aliishi. Mtoto hakulia.

Kulikuwa na kikao. Iliulizwa nani aliita daktari na saa ngapi, nani alishika kona ipi ya shuka, kwa nini yule aliyeteleza alivaa viatu vile. Kila swali lilikuwa na jina la mtu ndani yake. Katika kurasa zote zilizoandikwa hakuna mahali palipotajwa mlima.

Nilianza kusoma. Mwaka 2010 wizara ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kuzuia maambukizi katika vituo vya afya, nikausoma kama mtu asomavyo barua aliyoingoja. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshatoa, mwaka 2009, kitabu kinachosema wodi ya kawaida inahitaji hewa lita 60 kwa sekunde kwa kila mgonjwa, na chumba cha magonjwa ya hewa lita 160, na kwamba madirisha mazuri yanaweza kuileta bila mashine. Kisha nikakutana na utafiti wa Lima, Peru, uliochapishwa mwaka 2007. Waliopima waligundua kwamba vyumba vya zamani, vyenye dari za juu na madirisha makubwa, vilibadilisha hewa yote mara 40 kwa saa. Vyumba vipya zaidi vya madirisha, mara 17. Vile vya mashine za kusukuma hewa, mara 12. Nilifunga karatasi zile nikatoka nje. Miaka kumi na minne nilikuwa nimejilaumu kwa ugonjwa ulioletwa na dari lililoshushwa ili kuokoa mbao, katika chumba tulichokichangia wenyewe kwa ndizi na kuku.

Zikaja serikali za kaunti mwaka 2013, na Juni mosi mwaka huohuo Rais Kenyatta akatangaza kujifungua bila malipo. Mama walijaa kwetu, wawili kitanda kimoja. Ikaamuliwa kaunti ijenge wodi ya uzazi, nami, kwa sababu ya umri na domo langu la vikaoni, nikawekwa kwenye kamati. Kijana msanifu majengo alitoka Nairobi na michoro yake, mizuri, iliyopigwa rangi. Nilimwambia, "Mwanangu, sisi karatasi hatujui kuisoma. Twende tukautandaze mchoro wako uwanjani." Nilidhani atakasirika. Akasema, "Twende, mama."

Tulinunua kamba za katani na mfuko wa chokaa. Asubuhi nzima tulichora jengo lile kwenye nyasi kwa ukubwa wake halisi: kamba ni ukuta, pengo ni mlango. Tukaleta kitanda cha kweli, troli ya kweli, ndoo. Nikawaita wauguzi, daktari mmoja, mama wa usafi, mfuaji, bawabu wa usiku. Kila mmoja afanye kazi yake kama kawaida, ndani ya kamba.

Kitanda kilikwama kona ya kwanza. Mlango ulitosha mtu, kitanda chenye mgonjwa na chupa ya dripu pembeni hakikupita. Kijana akatoa kalamu. Kisha mama wa usafi, aliyekuwa hajawahi kuulizwa chochote katika miaka yake 17 ya kazi, akabeba ndoo yake ya shuka zenye damu kutoka leba hadi mahali pa kufulia, na ilimlazimu kupita mlangoni mwa watoto njiti. Akasimama pale. "Hapa ndipo nitakapopita kila siku?" aliuliza. Hakuna aliyejibu. Jengo lilizungushwa upya kwa sababu yake: uchafu utoke nyuma kupitia chumba chake chenye beseni pana la kumwagia, usikutane na kilicho safi. Bawabu naye akatuonyesha kwamba wauguzi wakienda chooni saa tisa usiku watapita kiza nyuma ya jengo, na akatukumbusha, bila kutaja jina, yaliyompata binti mmoja mahali kama hapo. Choo cha wahudumu kikaingizwa ndani.

Mimi nilisimama penye meza ya wauguzi nikatazama. Kutoka pale vitanda vinne vilijificha nyuma ya ukuta wa kamba. Nikaomba ukuta uwe wa kioo kuanzia kiunoni kwenda juu, na mgonjwa aliye hoi alazwe ninapomwona nikiwa naandika. Sinki tuliiweka mlangoni, mahali ambapo huwezi kuingia bila kuigusa kwa nyonga, yenye mfereji wa kufunguliwa kwa kiwiko. Tangi liliandikwa kwa herufi kubwa: upande wa juu wa kiwanja.

Vita vikubwa vilikuwa juu ya njia ya kwenda thieta. Tulitaka mteremko wenye paa, usiozidi mita moja ya kupanda kwa kila mita 12 za kwenda, ili watu wawili wasukume troli bila kupumzika. Kwenye mlima kama wetu njia ya namna hiyo huwa ndefu, inajikunja, inakula saruji. Wenye kushika fedha walisema iachwe, ijengwe mwaka wa fedha ujao. Sikuwa nimewahi kusema mbele ya watu juu ya usiku ule wa mvua. Siku hiyo nilisema. Njia ikabaki kwenye mkataba. Tulichopoteza ni chumba cha kulala cha wanaokuja kutunza wagonjwa, na mpaka leo kinaniuma, kwa kuwa nyanya atakayetunza mjukuu kwa wiki mbili bado atalala sakafuni.

Likabaki suala la baridi, na hapo ndipo kijana yule alipopata heshima yangu yote. Nilimweleza kuhusu mzee wa mwaka 1985. Nikamwambia dirisha lolote utakaloniwekea, mtu wa Gusii atalifunga saa mbili usiku. Akaniambia juu ya hospitali ya Butaro, Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011 kwenye milima yenye baridi kama yetu. Pale vitanda vimeelekezwa kwenye madirisha makubwa, korido zimetolewa nje ili watu wasibanane wakipumuliana, na hewa huingia chini ikatokea juu. Akachora kwetu matundu mapana chini ya paa, pande zote mbili, yenye vibao vya kuzuia mvua na yasiyo na mkono wa kufungia. Hewa ya moto ya pumzi hupanda, ikikuta njia hutoka. Upepo ukivuma hupita juu ya vichwa. Madirisha ya chini anayetaka afunge. Vitanda vikasogezwa toka kwenye madirisha, vichwa vielekee ukuta wa kati.

Korona ilipofika, mgonjwa wa kwanza nchini akitangazwa tarehe 13 Machi 2020, nilikuwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu, nami nilikuwa nimerudishwa kwenye hospitali yangu ya kwanza. Hatukuwa na mahali pa kumtenga mtu. Hatukuwa na chumba chenye milango miwili ambamo mhudumu huingia amechafuka kwa upande mmoja, akavua, akanawa, akatokea upande wa pili. Tuliweka hema. Niliwatazama vijana wakivua glavu na magauni kwenye upepo, mikono ikitetemeka, na hofu ya mwaka 1996 ikanirudia kifuani kama kikohozi.

Wodi ya mkoloni ilikuwa bado imesimama, na ofisi mbili ubavuni. Nilimwendea msimamizi nikamwomba nyundo. Hakuniuliza maswali mengi. Naye alikuwa na wauguzi wawili nyumbani wanaoumwa. Mafundi wawili walifanya kazi siku moja na nusu. Faili zilipakiwa kwenye gari. Tofali la mwisho lilipoanguka, upepo uliingia baraza zima ukapita wodini ukatokea ng'ambo, na vumbi la miaka 28 likatoka nao. Niliona mashuka ya vitanda yakicheza.

Nilistaafu mwaka 2023. Mwaka uliopita mke wa mwanangu alijifungua katika ile wodi tuliyoichora kwa kamba. Nilikwenda na uji wa wimbi kwenye thamosi na chinsaga iliyolala kwenye maziwa. Mlangoni nyonga yangu iligusa sinki, nikanawa. Maji yalitoka.

Penye kitanda cha pili kulikuwa na nyanya mmoja, magokoro kwa lugha yetu, amekuja kumtunza binti yake, ameketi na miguu imekunjwa ndani ya sweta. Alikuwa ameshafunga madirisha yote ya upande wake. Nilifungua moja nusu, nikavua shali yangu nikamfunika magoti, nikamsogezea kiti chake ukutani. Hakunipinga. Alikuwa akitazama juu, chini ya paa, ambapo mwanga wa jioni uliingia kwa mistari.

"Yale matundu hayafungwi?"

"Hayafungwi, mama."

"Fundi alisahau?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Hakusahau."